Fimbo ya Kumuaga Matayo

Fimbo ya tatu ya kuvulia nayo Owuor aliirudisha. Ndefu mno.

"Hii itapiga maji," alimwambia muuzaji kwa Kiswidi chake cha jikoni. "Chambo cha mbao hakivutwi polepole. Unakishtua hivi, ncha ikiangalia chini. Nipe fupi, futi sita na kidogo, na iwe ngumu."

Muuzaji alimtazama upya, akaenda kutafuta. Alikuwa amedhani huyu ameingia dukani kukwepa baridi.

Matayo alisimama kando, mikono mfukoni. Tangu wapande treni Hagsätra hakuwa amesema maneno kumi, na Matayo wa Jinja si mtu wa kunyamaza. Owuor alimwonea huruma.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wote wawili walikuwa wapishi wa muda katika nyumba moja ya wazee, na waliingia mwezi mmoja. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Jumatatu bosi wao, Maya, alimwita Owuor pembeni, akamwambia kwamba Ijumaa kutakuwa na keki ya kumuaga mtu wa jikoni, mtu anayependa kuvua gädda, yule samaki mwenye meno kama msumeno. Nenda duka la wavuvi, akasema, uchague fimbo na mshipi. Chagua kama unajichagulia mwenyewe. Matayo atakusindikiza.

Hakutaja jina, na kulikuwa na haja gani? Jikoni wavuvi walikuwa wawili tu. Na kwa akina Owuor, anayetumwa ndiye anayeaminiwa. Mtu hatumwi sokoni kununua sanda yake.

Jioni ile ile alimpigia mkewe Kisumu. Miaka minne Achola alikuwa akisubiri kuja Uswidi, na karatasi iliyokosekana ilikuwa hiyo moja, mkataba wa kudumu wa mumewe. "Waambie shuleni unaacha kazi," Owuor alisema. Achola alilia kwa furaha, na kesho yake asubuhi akapeleka barua kwa mwalimu mkuu. Simu ya Owuor nayo ilikuwa imepokea barua kutoka kazini, lakini barua za Kiswidi huwa anazilimbikiza mpaka Jumapili baada ya ibada, apate wa kumsomea.

Kilichomuuma ni huku kumleta Matayo. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Watu hawa wanampeleka mtu dukani akaone kwa macho yake zawadi ya kuachishwa kazi, na wao wanahesabu huo ni upole.

Muuzaji alirudi na fimbo fupi nyeusi. Owuor aliipima kiganjani, akaishtua mara mbili hewani, akamnyooshea mwenzake.

"Hebu ishike."

"Mimi ya nini?" Matayo alisema. "Wewe unaionaje? Unaipenda?"

"Ishike tu, omera, ndugu yangu."

Matayo aliishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani, akairudisha upesi. Owuor hakumlaumu. Hata yeye, angekuwa ndiye, asingetaka kuigusa.

Ukafika mshipi. Muuzaji alileta wa nailoni, wa bei nafuu, na Owuor akaukataa papo hapo. Nailoni inavutika, wewe unashtua mkono, chambo huko majini kimelala usingizi. Akataka wa kusukwa, ule usiojua kuvutika, na kipande cha waya cha kufungwa mbele ili meno yasiukate. Alichagua taratibu, kwa makini, kwa sababu dhamiri ilikuwa inamsumbua. Usiku mbili mfululizo alikuwa amemshukuru Mungu kwamba ni Matayo na si yeye.

Bei ilizidi mchango wa jikoni. Owuor akatoa kadi yake mwenyewe.

Matayo akamshika mkono. "Hapana. Kilichozidi nalipa mimi."

"Wewe? Haiwezekani."

"Niache nilipe, ndugu yangu. Nitajisikia afadhali."

Owuor alitaka ardhi immeze. Akausukuma mkono wa Matayo, akalipa haraka kabla hajakatazwa tena.

Nje kulikuwa na theluji ya kuyeyuka, ile inayoingia kwenye viatu. Walitembea mpaka kituoni. Hapo Matayo akasimama.

"Wewe una moyo," alisema. "Ningekuwa wewe, nisingeweza kuja hapa leo."

Basi ameshaambiwa, Owuor akawaza, na bado amekuja. Akasema lililokuwa karibu. "Mungu hamsahau mtu."

"Amina," Matayo alisema, na machozi yakamlenga.

Ijumaa keki ilikuwa ile ya kijani, ambayo Waswidi huikata siku za heshima. Owuor alikuja na shati lake la kanisani, lakini kipande alichokatiwa hakikushuka. Matayo alikaa upande wa pili wa meza, macho kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza Owuor aliamua kwamba atamtafutia kazi, atauliza kule Flemingsberg, atauliza kule Akalla, hatamwacha hivi hivi.

Maya aligonga kikombe kwa kijiko. Alisifu mikono isiyochoka, alisifu supu ya samaki ambayo wazee wataiulizia, akasema uamuzi huu ulimkosesha usingizi. Owuor alisogeza kiti ili awe wa kwanza kumfikia Matayo.

"Zawadi hii najua itampendeza," Maya alimalizia, akiinua fimbo iliyofungwa utepe, "kwa sababu tulimwacha aichague mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Maya akaizunguka meza, akampita Matayo, akaiweka fimbo mikononi mwa Owuor.