Kata ya Kwanza ya Ngiri

Jumanne saa nne asubuhi, Ngiri mwenye haraka alianza kuchimba shimo la tangi la petroli, juu kidogo ya chemchemi wanakokunywa maji pimbi, wenyeji wa mlima.

"Bwana Ngiri, likivuja je? Hulizungushii hata zege?" aliuliza Bi Pimbi, ambaye hakuwa amelala tangu alipoona vigingi vya kupimia shimo.

"Tangi langu halivuji, mama! Zege la nini? Nyinyi mnaogopa hata vivuli vyenu!"

"Haya, karibu kwetu. Hapa, anayechimba juu ya chemchemi tunampa heshima: kila alfajiri yeye na watoto wake hunywa kata ya kwanza, ndipo sisi tunywe."

Ngiri alivimba kwa fahari. "Hata watoto?"

"Hasa watoto. Tutaanza siku tangi litakapojazwa."

Ngiri aliacha kuchimba. Alilitazama shimo, akaitazama chemchemi, akakohoa.

"Mama, kule bondeni, mbali na maji, kuna nafasi? Na saruji... inauzwa wapi?"

Jioni shimo lilikuwa limefukiwa. Kesho yake asubuhi Bi Pimbi alishuka bondeni, akaihesabu mifuko ya saruji mara mbili, akajilaza juu yake, akalala fofofo.