Gari Linalozimia kwa Mshonaji

Umbeya ulimkuta mama kwenye foleni ya maji, na toka siku hiyo haukumtoka kichwani: gari la mkwe wake huonekana kila jioni getini kwa yule mshonaji mjane, katikati ya mlima. Hukaa pale mpaka giza linaingia.

Alipomuuliza mkwe, alipewa jibu la kitoto.

"Linazima, mama. Likifika pale linazima tu."

"Lina macho? Linamjua mjane?"

Mkwe akajikuna shingo.

Mama hakuwahi kumpenda. Mwanamume mzima, mabega kama kabati, halafu anajisifia gari la kabureta la enzi hizo, mlango mmoja umefungwa kwa waya, linakohoa kama babu mvuta tumbaku. Kilichomuuma ni bintiye. Ndoa changa, na mtoto mwenyewe mpole hata kulalamika hajui. Kila asubuhi anaamka kabla ya mumewe, analiosha lile bovu kwa sabuni ya kipande, analisugua kila kona kama sufuria ya wageni.

"Mwanangu, tumwite fundi aliangalie."

"Mama naye! Ya nini kusumbua watu? Mimi nimelalamika?"

Mama akatazama pembeni asije akalia. Uvumilivu gani huu! Ndoa ya mwanawe ivunjwe na mshonaji, na yeye amekaa anaangalia? Thubutu.

Alasiri moja akamchukua fundi wa mtaani, wakaenda kumvizia mkwe kazini kwake, chini bondeni. Mama akajikalisha kiti cha mbele bila kukaribishwa. Fundi akaingia nyuma na mfuko wake wa spana.

"Endesha," mama akasema. "Leo lizimie mbele ya mashahidi."

Gari likapanda mlima likikohoa. Walipofika katikati likaanza kuvuta na kuacha, kuvuta na kuacha, kisha kimya. Ubavuni kwao, geti la mshonaji. Mwenyewe akatoka, futi ya kupimia nguo shingoni, kigoda mkononi.

"Shemeji, leo umekuja na ukoo mzima? Ngoja nilete vigoda vingine."

"Kalia mwenyewe," mama akamjibu.

Mkwe alishafungua boneti, na chupa ya petroli mkononi, anataka kuimimina juu ya kabureta. Fundi akamdaka mkono.

"Injini ya moto hii, kaka. Unataka turudi nyumbani bila nyusi?"

"Hata kuzima kwa uongo hajui," mama akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika.

Fundi akachomoa waya wa plagi, stata ikapigwa. Cheche ikaruka, safi kabisa. "Moto upo." Akarudisha waya, akachomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, akaukingia kopo. Stata tena. Kopo kavu.

"Lina njaa. Petroli haifiki."

"Si anaweka matone! Mwanamume suruali."

"Tangi lina nusu, mama," mkwe akasema taratibu.

Fundi akazunguka nyuma, akafungua mfuniko wa tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa pupa. Stata ikapigwa, na petroli ikamwagika koponi.

"Mfuniko una tundu la tangi kupumulia," fundi akasema. "Limeziba. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho tangi linaing'ang'ania petroli. Asubuhi anateremka, injini inakunywa kidogo, anafika. Jioni anapanda, inakunywa sana, ikifika hapa imekabwa koo. Akisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka."

Masikio ya mama yakapata moto. Mshonaji akapiga makofi. "Kumbe nahangaika na vigoda kwa sababu ya mfuniko!"

Mama akatoa pini kwenye kitambaa cha kichwa, fundi akachokonoa lile tundu. Kikatoka kidonge cheupe. Akakinusa.

"Sabuni."

"Mwanangu huyo," mama akasema kwa majivuno. "Akiosha, anaosha."

"Mama, sabuni ya kuoshea inaondoka na maji. Hii imeshindiliwa kwa kidole."

"Nani kakuuliza habari za kufua? Wewe zibua."

Fundi akamalizia kuzibua. Mkwe alikuwa bado anakitazama kile kidonge.

Gari likamaliza mlima bila kukohoa hata mara moja. Walifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mabati. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, mama alimwita mkwe wake "mwanangu."

"Leo mkeo atashangaa," akamwambia, akatangulia mlangoni.

Basi wewe mzazi mwenzangu mwenye binti, jihadhari na haya:

Usikubali mtu amimine petroli kwenye kabureta ya injini yenye moto.

Usilaumu kabureta kabla hujafungua mfuniko wa tangi.

Usimtukane mjane wa watu kwa maneno ya kwenye foleni.

Usimkatishe fundi anapokueleza alichokiona.

Usimfikishe mkwe nyumbani mapema bila bintiyo kujua.

Na ukikuta viatu vya kiume mlangoni kwa bintiyo, usigeuke kumuuliza mkwe kama ni vyake.