Picha ya Kuweka Kando ya Kitanda

Geti la shule lilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, siku ya michezo, Tatsuro Minegishi alitimua mbio, mkeka wa plastiki kwapani. Akampita daktari wa meno, akampita jirani mwenye goti bovu, akautandika pale pale alipopataka: mbele kabisa, hatua tatu kutoka mstari wa kumalizia mbio. Jitu zima la miaka arobaini na moja, jasho linamtiririka utadhani ndiye atakayeshindana.

Mkewe, Chinami, alifika saa mbili na nusu na visanduku vya chakula, kamera yake ndogo shingoni.

"Umekuja na hicho kidude," Tatsuro akasema.

"Kidude changu kinaingia mkobani, baba Ritsu. Hicho chako karibu kitadai kiti chake kwenye gari."

Kamera zote mbili zilikuwa za aina mpya, zile zisizo na kioo ndani, tena za kampuni moja. Hapo ndipo udugu wao ulipoishia. Ya Tatsuro ni ile wanayobeba wapiga picha wa magazeti: picha thelathini kwa sekunde, haiogopi mvua, na ikishamshika mtu jicho haimwachii. Ya Chinami ni ya wanaoanza: nyepesi, ya plastiki, picha tano kwa sekunde, na ikimwona mtoto anakimbia hubabaika kama mgeni aliyeulizwa njia. Tatsuro alikuwa ameeleza tofauti hizo mezani mara nyingi mno, hata mtoto wao Ritsu alizijua kwa moyo.

Leo ubishi ungekwisha. Mama yake Tatsuro, Bi Fusae, alikuwa amelazwa, na Jumanne angepasuliwa moyo. Jana aliomba picha moja ya siku ya michezo aiweke kando ya kitanda. Moja tu, maana kimeza cha hospitali ni kidogo, na angeichagua mwenyewe. Kisha akamuuliza Tatsuro kama anakula vizuri, na Tatsuro akamjibu kwa kumwonyesha picha za Ritsu akiogelea.

Hakuna aliyetamka kwamba huenda hiyo ndiyo picha ya mwisho atakayoitazama. Waliogopa, na kwa kuwa waliogopa wakaligeuza jambo kuwa mashindano. Ambaye picha yake haitachaguliwa atasugua bafu mpaka mwaka mpya.

Zamu ya darasa la tatu ilipofika, Ritsu, mwenye miaka minane, alijipanga na wenzake, wote kofia nyekundu, wote fulana nyeupe. Tatsuro akalala kifudifudi kwenye vumbi. Chinami alivuka kwenda ng'ambo ya pili ya uwanja, akasimama nyuma ya kamba, mkabala na mumewe. Alisema hawezi kupumua karibu na ule mzinga wa kamera.

Bunduki ikalia. Ritsu alianza wa tano, kwenye kona akawa wa tatu. Chinami alibonyeza, kamera ikasita. Akabonyeza tena, wakapita watoto wa watu. Ritsu alipokata mstari, wa pili, mama yake alibonyeza kwa mara ya mwisho huku amefumba macho.

Wakati wa chakula kila mmoja alikagua mavuno yake. Tatsuro alikuwa na picha mia nne na kumi na mbili, na zote zilikuwa kali kama wembe: pengo la meno ya Ritsu, vumbi likiruka kisiginoni, tone la jasho kidevuni. Chinami alikuwa na tisa. Migongo, ardhi, kiwiko cha mtoto asiyemjua, na ya mwisho, mwanawe amekuwa doa jekundu lililoburuzwa katikati ya picha. Hakutaka hata kuitazama mara mbili.

Akasema atanunua brashi mpya ya bafu. Tatsuro alicheka, kisha akamwona macho yamelowa, akamsogezea tonge lake la wali lenye plamu ndani, ambalo kwa kawaida halimgawii mtu.

Saa kumi jioni walikuwa hospitalini. Bi Fusae alivaa miwani, akazipitia picha zote mia nne na kumi na mbili za mwanawe bila haraka. Alicheka kwenye pengo. Alimsifu mjukuu, akaisifu kamera. Tatsuro alimtazama mkewe kwa jicho la mtu anayeliona bafu linang'aa.

"Na za Chinami?" Bi Fusae akauliza.

"Hazifai, mama," Chinami akasema. "Zimeharibika zote."

"Zilete hivyo hivyo."

Chinami alimkabidhi kamera kwa mikono miwili. Bi Fusae alipita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tisa alisimama. Akaikuza kidogo, akaikuza tena. Alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa.

"Hii," akasema.

Tatsuro aliinama kuchungulia. "Mama, hapo Ritsu haonekani. Ni ukungu mtupu. Kamera imelenga kule nyuma."

"Za Ritsu ninazo ukuta mzima nyumbani."

Nyuma ya ukungu mwekundu, kali hata nywele zingeweza kuhesabika, palikuwa na mwanamume amelala mavumbini, kofia imemwenda upande, kamera kubwa imemteleza usoni, kinywa wazi, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Huyu nilimzaa mimi," Bi Fusae akasema, "na mwaka wa nane huu sina picha yake hata moja."