Kijitaa cha Testa

Mashavu alipiga magoti nyuma ya oveni, koili mpya ikiwa mapajani. Wiki nzima tangu wagombane, mtaa mzima ukasikia, mumewe hakumsemesha. Leo kaamka mtamu kama halua.

"Umeme nimeuzima kwenye meinswichi, mke wangu. Fyuzi ninayo mfukoni, we fungua tu," Shebe alimwambia, akarudi kwa wageni sebuleni.

Mashavu akalegeza skrubu ya kwanza, kisha mkono ukasita. Akachomoa testa, bisibisi ya kupimia umeme aliyoichomeka nyweleni, akaigusisha kwenye waya.

Kijitaa chake kikawaka.

Sebuleni kicheko cha Shebe kikakatika ghafla.

"Mama Zuhura!" akamwita mkewe. "Mbona kimya?"

Kidole gumba cha Mashavu kilibaki juu ya testa, na kile kijitaa chekundu kikaendelea kuwaka.