Kiluvi

Neno lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara tatu kwenye ukurasa mmoja: kiluvi.

"Soma," alisema mhadhiri.

Binti wa mwaka wa kwanza alisoma kwa sauti ndogo. "'Mama alikaa kwenye kiluvi cha ukuta mpaka jua likamfikia miguuni. Hakuwa na nguvu tena za kukifuata.'"

"Kiluvi ndiyo nini?"

"Kivuli, Mwalimu."

"Kosa la kuchapa halijirudii mara tatu, binti. Mwizi wa maandishi hubeba kila kitu, mpaka uchafu wa mwenye mali."

Wanafunzi walimwita Chujio. Kila muhula aliwafundisha kutaja vyanzo, na kila muhula aliwanasa, wala hakuna aliyekuwa na shaka kazi ipi aliipenda zaidi. Mtambo wa kukagua insha ulisema hii haikunakiliwa popote. Chujio aliudharau mtambo kama alivyowadharau wanafunzi. Neno hili aliwahi kukutana nalo. Wapi, hakukumbuka, na hilo lilimkera kama mchanga jichoni. Alikuwa amepekua insha za miaka ya nyuma, akazima hata simu, maana mwezi huo ndugu zake walikuwa wameanza tena kupiga. Ndugu, alizoea kusema, hawapigi ila wana shida.

"Halafu huyu mama," aliendelea, "anaumwa ukurasa wa kwanza, anakufa wa pili. Kila muhula kina mama wanakufa humu ofisini kwangu, mpaka sijui nani anawazika."

"Wangu tulimzika wenyewe."

"Pole. Na neno umelitoa wapi?"

"La nyumbani. Mama alikuwa akilisema."

"Mama si chanzo!" Akaivuta barua ya kwenda kamati ya nidhamu. Ilikuwa imeshaandikwa, ilibaki saini tu. "Nikimwaga wino hapa, wewe unafungasha. Nitajie mwenye neno, nikuruhusu uandike upya. Ukinificha, rudi kwenu ukawasimulie kuku."

Binti aliitazama kalamu. Kuna jambo mama yake alimkataza kulitaja chuoni, asije akaonekana anaomba upendeleo. Tena ni mama huyohuyo aliyechelewa kulala miaka yote ili yeye afike kwenye kiti hiki.

"Lilianzia kwa mtoto mmoja," alisema. "Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Wazazi wakienda kazini, mama ndiye aliyembeba mgongoni, na yeye mwenyewe bado msichana mdogo. Jua likiwa kali mtoto analia, 'Kiluvi! Kiluvi!' mpaka apelekwe penye ukuta. Nyumbani walicheka, kisha wakalizoea. Mama hakuliacha mpaka anakufa."

"Kwa kutunga hujambo." Chujio alifungua kifuniko cha kalamu. "Insha umeiba, hadithi unaitunga papo hapo. Na huyo mtoto wa mgongoni hana jina?"

Hakungoja jibu. Aliinamia barua, akaanza kutia saini kwa herufi zake kubwa za madaha.

"Analo, Mjomba," alisema binti. "Ndilo hilo unaloliandika."