Kikombe cha Chini ya Sinki

Joto la mchana lilikuwa limemkausha koo mpiga rangi aliyekuwa akifanya kazi ngazini. Akabisha mlango wa jikoni, akaomba maji.

Madam, Mhindi mwenye nyumba hapo mtaani Karama, alikuwa ametoka. Fortunata, mtumishi wake, akainama kutoa kikombe chake chini ya sinki, kando ya dawa ya choo. Alitengewa hicho siku ya kwanza, kisije kikachanganyika na vyombo vya wenyewe. Usiku wa siku hiyo alilia kwa uchungu wa kutengwa.

Akavitazama vidole vya yule mtu, vimeganda rangi. Shetani gani alimpitia, hajui. Akakirudisha kikombe, akamtilia maji kwenye kopo tupu la mtindi.

Mtu yule akaliinua kopo juu, akayamimina maji kinywani bila kuligusisha midomo, kama aliyezoea.

"Shukran, madam."

Fortunata akageuka kutazama nyuma. Jikoni hamkuwa na mtu mwingine.