Mkalimani Nyuma ya Pazia

"Meza," Nadhira alifasiri. "Anasema umeze kama unavyomeza tonge. Usiubane, dada."

Kuluthum akaumeza mrija wa mpira. Ulipita kooni, ukateremka kifuani na ubaridi wake, naye akawa anautazama mwisho uliobaki ukining'inia chini ya kidevu kama kitu cha mtu mwingine. Machozi yalimtoka, lakini hakuwa akilia. Daktari, mwanamke wa Kizungu mwenye mikono mikavu, akavuta maji ya tumbo kwa bomba la kioo, akayamimina chupani, akaridhika.

Ilikuwa hospitali ndogo huko Changamwe. Daktari huyo alikuwa mgeni, na sifa zake zilifika Kisauni kabla hajajua hata kusema hujambo: kwamba humpasua mtu mnene, akaufupisha utumbo wake, na mtu akapungua hata akila. Bwana Hamdun alizisikia dukani kwake, kwa wateja waliokuwa wakibishana kama mwambao utaungana na bara au utabaki kwa Sultani. Jioni ile ile akamweleza mkewe. Hakusema kwa ubaya. Miguu ya Kuluthum ilikuwa ikivimba na pumzi zikimpaa kwa kutoka jikoni hadi ukumbini. Tena jamaa za Hamdun walikuwa wameshasema sana kwamba mafuta ndiyo yaliyomziba kizazi, na Hamdun, ambaye hakutaka mke wa pili, alikuwa amechoka kuwajibu.

"Nitakwenda," alisema Kuluthum. Ndivyo alivyozoea kujibu, tangu ujana wake, kila alipoambiwa la kufanya.

Kisu hakikumtisha. Kisu kitamkuta amelala. Lililomtisha ni vipimo, maana daktari hakubali kumpasua mtu kabla ya kumtazama ndani kote, juu na chini, na hayo yote mtu yu macho. Tena daktari alihitaji mkalimani.

Kuluthum alimwomba mumewe kazi hiyo aachiwe Wafula, msaidizi wa hospitali aliyetoka bara.

"Mwanamume?" Hamdun alishangaa. "Asimame akusikilize ukipimwa? Na Nadhira yupo, na Kiingereza cha skuli kimemjaa mdomoni?"

"Nadhira mtoto."

"Mtoto gani, na watu washaanza kuja kumposa? Atakwenda Nadhira, wallahi. Huyo ni wako, mdogo wako, ataficha aibu yako."

Nadhira alikuwa akikaa kwao tangu Bi Mwanarehema, mama yake Kuluthum, alipofariki, na nyumba ile haikuwa imepata kicheko kama chake. Asubuhi alimsuka Kuluthum nywele, na Kuluthum akakaa amefumba macho, hata alipovutwa vibaya.

Kabla ya mpira daktari alikuwa ameuliza maswali. Homa, kikohozi, moyo kwenda mbio. Nadhira aliyafasiri moja moja, ila moja alilijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa.

"Kauliza nini?"

"Kama umewahi kuzaa. Nimemwambia Mungu hajakujaalia."

"Haya," alisema Kuluthum.

Baada ya mpira alinyweshwa uji mweupe mzito kama chokaa, akasimamishwa uchi hadi kiunoni mbele ya bamba la chuma lenye baridi ili apigwe picha. Kisha akatiwa maji ya sabuni kwa nyuma, akaoshwa matumbo mpaka akahisi amebaki ganda. Kila walipomgeuza aligeuka. Alikuwa kama anayetazama nguo za jirani zikifuliwa.

Kikabaki kipimo cha mwisho.

Alilazwa chali, miguu ikapandishwa. Pazia la kijani likavutwa, Nadhira akabaki upande wa pili. Kuluthum aligeuza kichwa, akaviona vidole vya miguu ya Nadhira chini ya pazia, katika ndara, kimoja kikimkuna mwenzake.

"Anasema ulegeze mwili, dada. Hakitaumiza."

Hakikuumiza. Daktari alitazama muda mrefu, akatulia, akatazama tena. Kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya upole. Vidole chini ya pazia vikaacha kucheza.

"Anasema nini?"

"Upuuzi tu." Nadhira alicheka kidogo. "Ameona kovu. Anasema ni la kupasuka na kushonwa, la zamani, la mtu aliyezaa. Nimwambie amekosea?"

Daktari akaongeza jambo.

"Anasema hana haja ya kumwambia bwana. Ila kama ulizaa kwa tabu, damu ikakutoka sana, lazima ajue, au unaweza kumfia mezani. Anataka kujua mtoto huyo alizaliwaje, na kama yu hai." Sauti yake ilipanda. "Dada, huyu asikuvunjie heshima! Nitamwambia hujazaa, nimlete na bwana Hamdun, yuko hapo nje, aape."

"Usimwite Hamdun."

"Basi nimjibu nini?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Alikufa. Neno moja tu, na daktari angenawa mikono, na Hamdun angemrudisha Kisauni kwa heshima yake yote. Kuluthum alifungua kinywa alitamke, akavitazama vile vidole chini ya pazia, na neno halikutoka.

"Nadhira."

"Abee, dada."

"Mwambie ni kweli, damu ilinitoka sana. Mwambie yu hai." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anayeagiza chumvi dukani. "Mwambie ndiye anayetufasiria."